Kwa Nini Bakuli la Ubao Mkuukuu Huparuza Pande Mbili

Chukua bakuli la mbao laini lililokerezwa, yaani lililochongwa likizunguka kwenye mashine ya kerezo, na mtu anayejifunza. Funga macho, upitishe kidole ubavuni mwake polepole, duara zima. Utasikia laini, kisha linaparuza, kisha laini, kisha linaparuza tena. Pande mbili zinateleza kama kokoto la Ziwa Kivu, pande mbili zina vinyweleo kama ulimi wa ng'ombe. Na zile zinazoparuza hutazamana kila mara, kama mlango wa mbele na mlango wa uani.

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, nimesikia hukumu moja tu juu ya jambo hili, kutoka kwa mafundi wa kila aina: "Hii ubao haina kazi, ni ya kuwasha moto tu." Mimi mwenyewe nilitia motoni mabakuli mengi ya namna hiyo kabla sijaelewa. Ubao haukuwa na kosa. Kuparuza kule kuna sababu, na ukiishaielewa utajua pia namna ya kunoa, mwendo wa mashine, upande wa kuanzia kukata, hata namna ya kupaka gundi. Kwa hiyo sababu hiyo nitaieleza kwa kirefu, mengine nitayapitia mbio.

Mbao zinazobaki

Goma ni mji wa mbao. Juu ya mwamba wa lava huchimbi msingi kwa jembe, na asiye na fedha ya sementi na mawe hujenga kwa mbao, nyumba nyepesi ambayo siku ya kuhama hata kuta zake zinaweza kung'olewa na kupakiwa. Baada ya tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipomwaga lava hadi katikati ya mji, nyumba nyingi zilisimamishwa upya kwa mbao juu ya lava iliyopoa. Leo mwenye nyumba kama hiyo akipata uwezo huibomoa ajenge ya kudumu, na ukuta uliokaa miaka ishirini juani na mvuani unalazwa kando ya barabara ukingoja mnunuzi wa kuni. Ongeza paleti zinazoshushwa na malori, masanduku ya mizigo, na vipande vinavyobaki kwa maseremala. Yote hayo huishia chini ya sufuria.

Nyingi kati ya mbao hizo ni za sipre au msonobari. Fundi wa mbao huziita laini, na hapo neno lenyewe linachanganya watu. Katika elimu ya miti, mbao laini ni zile za miti inayozaa koni, yenye majani kama sindano au magamba. Mbao ngumu ni za miti yenye majani mapana. Kidole hakihusiki: mti wa balsa una majani mapana, kwa hiyo umo katika kundi la mbao ngumu, na ilhali ukucha unauzamisha bila shida. Mkaratusi tunaotengenezea chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, ni mbao ngumu kwa maana zote mbili. Sipre ni laini kwa maana zote mbili.

Tofauti inayomhusu mkerezaji iko ndani. Mbao laini zimejengwa karibu zote kwa nyuzi za aina moja, vijibomba virefu vilivyolala sambamba, kila kimoja urefu wa milimita 3 au 4. Nyuzi za mbao ngumu ni fupi, kiasi cha milimita moja, zimebanana na zina mishipa mipana katikati yake. Uzi mrefu ukikatwa vibaya hung'oka ukiwa mrefu, na shimo linalobaki ni refu vilevile.

Kuna jambo la pili. Tazama kichwa cha ubao wa msonobari uliotoka kwenye paleti ya nchi za baridi: utaona mistari myeupe na mistari ya kahawia ikifuatana. Mweupe ni mti uliokua haraka msimu ulipoanza, vijibomba vyake vina kuta nyembamba. Wa kahawia ulikua taratibu msimu ukiisha, kuta zake nene. Uzito wa mstari wa kahawia huwa mara mbili ya ule mweupe, na zaidi. Makali yako basi yanapita kwenye sifongo, kisha mfupa, kisha sifongo, mara mamia kwa dakika. Sipre iliyokua haraka kwenye vilima vya Kivu ina mistari mipana isiyo wazi kama ile, lakini mafundo yake ni mengi, na fundo ni mfupa mtupu.

Ramani ya mji ndani ya ubao

Sasa sababu yenyewe. Laza ubao mezani, uwazie kwamba ni ramani ya Goma. Kaskazini kuna Nyiragongo, kusini ziwa, mashariki mpaka wa Rwanda, magharibi mji wa Sake. Nyuzi za ubao zimelala kutoka Sake hadi mpakani, kama fungu la matete. Chora duara la bakuli katikati.

Upande wa Nyiragongo na upande wa ziwa, matete yanapita sambamba na ukingo wa duara, umeyashika ubavuni. Upande wa Sake na upande wa mpaka, unakutana na vichwa vya matete. Baina ya pande hizo nne kuna robo nne, ambamo matete yanaufikia ukingo kwa mshazari.

Mashine inazunguka upande mmoja tu. Tuseme makali yanazunguka duara kwa njia hii: yanatoka Nyiragongo, yanafika mpakani, yanashuka ziwani, yanakwenda Sake, yanarudi Nyiragongo. Kutoka Nyiragongo hadi mpakani, nyuzi zilizo mbele ya makali zinatokeza nje. Ni kama kumpapasa mbuzi kwa kufuata manyoya. Uzi ukipasuka mbele ya chuma, ufa unatoka nje ya bakuli na unakwenda na taka, hakuna kinachoharibika. Lakini makali yakishavuka mpaka na kuelekea ziwani, mambo yanageuka. Nyuzi zilizo mbele sasa zinazama ndani ya ukuta wa bakuli. Ufa unaotangulia makali unazama nazo, uzi unainuliwa, unakatika chini kabisa ya mstari uliokusudia. Hilo ndilo eneo linaloparuza. Kutoka ziwani hadi Sake, manyoya yanafuatwa tena. Kutoka Sake hadi Nyiragongo, yanapingwa tena.

Robo mbili laini, robo mbili zenye vinyweleo, zinatazamana. Bakuli la libuyu, mbao nyekundu ya msituni, lina robo hizohizo nne, ila nyuzi zake zimeshikana kwa nguvu na hazing'oki upesi, ndiyo maana anayejifunzia kwenye mbao nyekundu za msituni anaweza kukereza miaka kumi bila kuligundua jambo hili. Sipre inakufundisha siku ya kwanza.

Huwezi kulikwepa kwa kuugeuza ubao, maana duara ni duara. Kuna mwendo mwingine, hata hivyo, ambao uko mikononi mwako. Huku bakuli likizunguka, wewe unaisogeza bobari, patasi yako ya kukerezea, kutoka kitako kwenda mdomoni au kutoka mdomoni kwenda kitakoni, na uchaguzi huo unabadilisha kila kitu.

Ufikirie ukuta wa bakuli kama ngazi. Nyuzi zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na kwa nje kila tabaka linaloukaribia mdomo ni pana kuliko lililo karibu na kitako. Ukikata nje kutoka kitakoni kwenda mdomoni, uzi unaokatwa unasukumwa kwenye tabaka lililo mbele yake, ambalo ni refu zaidi na halijaguswa. Una mgongo wa kuegemea, kwa hiyo unakatika mahali ulipo. Ukikata kutoka mdomoni kurudi kitakoni, unausukuma mahali pasipo na kitu. Unapinda, unang'oka. Ndani ya bakuli ngazi imepinduka, kwa hiyo unaanza mdomoni unashuka hadi katikati ya sakafu. Mkerezaji yeyote wa hapa atakuambia "nje panda, ndani shuka." Wachache watakuambia kwa nini, na asiyejua kwa nini huiacha kanuni siku ya kwanza anapoona kona ngumu.

Nyanya na kiazi

Mtu akisikia mbao laini hudhani bobari ya kawaida itatosha. Ingia jikoni uulize. Kiazi kibichi unakikata kwa kisu chochote, nyanya iliyoiva unaipondaponda mpaka ukinoe kisu. Kitu laini hakijikazi mbele ya makali. Ule mstari mweupe wa msonobari uko hivyohivyo: chuma butu kinaulaza, kinaupinda, kisha kinaung'oa. Bobari ambayo asubuhi imekereza libuyu vizuri inaweza kuwa butu kwa sipre saa hiyohiyo.

Bobari ni patasi yenye mfereji, na wengi hapa mjini tunajitengenezea kwa chuma cha resoru (springi) ya gari. Chuma hicho ni kizuri kikifuliwa kikawa chekundu, kikapozwa ndani ya mafuta, kisha kikarudishwa motoni polepole hadi uso wake uliosafishwa uonyeshe rangi ya majani makavu. Rangi hiyo hutokea kwenye joto la nyuzi 230 hivi. Ikipita hapo ikawa buluu, ugumu umepungua. Jambo hilohilo hutokea kwenye jiwe la umeme la kunolea: ukisikia chuma kinachoma vidole, kitie majini, maana ncha ikishakuwa buluu itabidi uikwangue hadi ufike kwenye chuma kizima. Tupa kuukuu iliyochongwa kuwa bobari siishauri kabisa. Tupa ni ngumu mno, haikutengenezwa kuvumilia kishindo, na ikivunjika inavunjika usoni pako.

Kwa mbao laini mimi huuacha mteremko wa makali kwenye pembe ya nyuzi 45 au chini kidogo, na namalizia kwenye jiwe laini lenye maji hadi ncha inyoe nywele za mkono. Nanoa mara ngapi? Kwa bakuli moja la sentimita 20, mara tano au sita, na mara ya mwisho ni kabla tu ya mkato wa mwisho. Vijana hulalamika kwamba huko ni kupoteza muda. Muda huo unarudi wote kwenye msasa ambao hutautumia.

Namna ya kuigusisha ndiyo nusu ya kazi. Laza mpini chini, mgongo wa mteremko uguse mti kwanza bila kukata kitu. Utasikia unasugua. Kisha inua mpini taratibu hadi uzi mwembamba wa maranda uanze kutoka. Sasa izungushe bobari kidogo ili makali yakutane na mti kwa mshazari, kama unavyovuta kisu kwenye mkate badala ya kukikandamiza. Mshazari huo hufanya makali yawe kama yamenolewa upya, kwa sababu kila uzi unakatwa kwa kuteleza, haupigwi kichwani. Maranda yakitoka marefu, yamejikunja kama nywele zilizotoka kusukwa, uko sawa. Yakitoka vumbi, unakwangua, na kukwangua mbao laini ni kung'oa.

Zikibaki sehemu mbili zenye vinyweleo hata baada ya hayo, zilowanishe kidogo, au zipake nta iliyoyeyushwa, subiri, noa, kisha pitisha mkato mmoja mwembamba kama karatasi. Nta inazishikanisha nyuzi ili zisikwepe. Hii ndiyo dawa niliyoiamini kuliko zote.

Mwendo wa mashine

Wakerezaji wengi huanza na hesabu hii: zidisha kipenyo cha bakuli kwa sentimita na mizunguko kwa dakika, jibu liwe kati ya 15,000 na 23,000. Bakuli la sentimita 20 basi linazunguka mara 750 hadi 1,150 kwa dakika. Kwa mizunguko 1,000, ukingo wake unakwenda kilomita 38 kwa saa, mwendo wa pikipiki mjini. Ubao mkuukuu uliogundishwa mimi huuanza chini, 480 hivi, hadi uwe duara kamili na niwe nimeusikiliza.

Motor nyingi tulizonazo zina mwendo mmoja, karibu 1,440 kwa dakika kwenye umeme wetu wa hezi 50. Ukiweka puli ya sentimita 5 kwenye motor na ya sentimita 15 kwenye kerezo, unapata 480. Ukiweka ya sentimita 10 badala ya ile ya 15, unapata 720. Kuwa na puli mbili kando na mkanda unaohamishika kunatosha kwa kazi nzima.

Na umeme ukikatika katikati ya mkato, kitu cha kwanza ni kuivuta bobari nje, cha pili ni kuzima swichi. Watu wengi husahau cha pili, wanaenda kunywa chai, umeme unarudi, mashine inaamka peke yake na ufunguo wa puli ukiwa bado umeingizwa. Nimeona ufunguo huo ukitoboa mabati.

Ubao usiofaa kulia chakula

Hapa ningeomba msomaji asikimbie, maana bakuli ni la kulia.

Paleti nyingi zinazovuka mipaka hufuata kanuni ya kimataifa iliyopitishwa mwaka 2002 ili wadudu wa mbao wasisafiri na mizigo. Tafuta muhuri uliochomwa pembeni: kuna alama ya suke la ngano, herufi mbili za nchi, namba, kisha herufi za dawa. HT maana yake mbao zilitiwa joto hadi katikati yake ikafika nyuzi 56 kwa dakika 30. MB maana yake zilifukizwa kwa gesi ya bromidi ya methili, ambayo ni sumu. Paleti ya MB usikereze kitu chochote cha mezani. Ya HT inaweza kufaa, ila muhuri hauelezi kilichomwagika juu yake baadaye. Ikiwa na doa la mafuta, harufu ya dawa ya shamba au unga usioujua, iache.

Mbao za kuta za nyumba zina historia yake. Wengi hupaka mafuta machafu ya injini ili mchwa na mvua visiingie. Huo weusi hauishii juu, hasa kwenye vichwa vya mbao ambako vijibomba vimenyonya. Pitisha randa mara mbili, kata kichwa sentimita chache, nusa. Harufu ikiwepo bado, ubao huo utakuwa kinara cha taa au fremu ya picha, bakuli hapana. Rangi ya zamani pia naikwepa, kwani rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi, na vumbi lake unalivuta mapafuni kabla halijafika kwa mlaji. Mbao za kofraji, zilizoshika zege, zimejaa chembe za sementi ambazo zitayala makali yako kwa dakika moja.

Hata ubao safi wa ukutani umebeba mchanga mweusi wa lava ndani ya nyufa zake. Mimi huuosha kwa burashi ya waya na maji, nauanika kivulini wiki nzima, ndipo napitisha randa.

Kisha misumari. Ninayo sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, nimeifunga kwa uzi. Naining'iniza juu ya ubao, naipitisha polepole sentimita kwa sentimita. Inapopita juu ya msumari uliovunjikia ndani, uzi unavutwa pembeni kidogo, kama samaki anayeonja chambo. Natia alama ya chaki. Siku moja nilikuwa na haraka, nikaamini macho. Ubao ulikuwa na doa dogo la bluu-nyeusi, nikadhani ni fundo. Ilikuwa kutu ya kipande cha msumari kisichozidi urefu wa punje ya mchele. Bobari ilitoa cheche, ncha ikamenyeka, na tabaka la juu la bakuli likaruka likagonga ukuta nyuma ya bega langu la kushoto. Tangu siku hiyo nasimama kando ya mstari wa mzunguko kila ninapowasha mashine, na kinga ya uso haitoki kwenye msumari wake ila kwa kuvaliwa.

Kuunga, kufunga, kuchimba

Ubao wa ukutani ni mwembamba, kwa hiyo utagundisha. Mbao nne za milimita 20 zinakupa kimo cha sentimita 8, kinachotosha bakuli la maharage la watu wawili. Nyuzi zote zilale upande mmoja, Sake hadi mpakani, tabaka zote nne. Kuna wanaozipishanisha kama mkeka wakidhani zitakuwa imara zaidi. Mbao hupanuka kwa upana na karibu hazipanuki kwa urefu, kwa hiyo tabaka zilizopishana zitavutana kila mvua na kila kiangazi hadi gundi iachie. Isitoshe, ukizipishanisha unaharibu ile ramani: kila robo itakuwa na manyoya yanayofuatwa na yanayopingwa kwa pamoja.

Randa nyuso siku ileile ya kupaka gundi, kwa sababu uso wa zamani haunywi gundi vizuri. Gundi nyeupe ya seremala, jiliwa au mawe mazito ya lava juu yake, saa 24.

Ukavu ndio zawadi ya ubao mkuukuu. Mti mbichi ukikerezwa leo ni duara, mwezi ujao ni yai, ndiyo maana wanaotumia magogo mabichi hukereza mara mbili: kwanza nene, halafu hungoja miezi. Ubao uliokaa ukutani miaka mingi umeshamaliza kusinyaa kwake. Ukiwa na shaka, upime kwenye mizani ya sokoni leo, kesho, kesho kutwa. Uzito usipobadilika, kereza mara moja hadi mwisho.

Wengi hatuna taya za kushikia za dukani, na hazihitajiki. Sahani ya chuma yenye matundu inafungwa kwa skrubu upande utakaokuwa mdomo wa bakuli, mahali ambapo baadaye patachimbwa, ili matundu ya skrubu yaondoke na taka. Mbao laini hushika skrubu kidogo, tumia za milimita 30, si chini ya sita. Umbo la nje likikamilika na kitako kikiwa tambarare, gundisha kwenye kitako kipande cha mkaratusi, katikati ukiweka karatasi ya gazeti. Sahani inahamia kwenye kipande hicho, bakuli linageuzwa, unachimba ndani. Ukimaliza, patasi pana na pigo moja dogo kwenye mstari wa karatasi: gazeti linachanika katikati, bakuli linaachia.

Ukuta uache milimita 8 hadi 10. Libuyu unaweza kuufikisha 5, sipre itavunjika mkononi mwa anayeosha vyombo. Na katikati ya sakafu, pale nyuzi zisipokwenda kasi, punguza nguvu ya mkono, maana ndipo wengi hutoboa.

Msasa una mtego wake kwenye mbao laini. Unakula mstari mweupe upesi na kuuacha wa kahawia, hadi bakuli linakuwa na mawimbi kama mabati. Uzungushie kwenye kitu kigumu kidogo, kwa mfano kipande cha ndala, anza na 120, umalize na 240, usikae mahali pamoja. Ukiona msasa unaziba kwa kitu cha njano kinachonata, huo ni ulimbo. Futa kwa spiriti, endelea.

Mama mmoja anayeuza maharage aliwahi kulishika bakuli langu, akaligeuzageuza, akauliza: "Papa, hii haitanywa mafuta yangu yote?" Alikuwa na haki kuuliza, sipre isiyopakwa kitu hunywa kweli. Lakini usiipake mawese. Mawese hayakauki kuwa gamba, yatabaki ndani ya vijibomba, yatachacha, na bakuli litanuka. Yanayokauka ni mafuta ya kitani yaliyo mabichi, yasiyotiwa dawa za kukaushia. Paka mwembamba, futa, subiri siku kadhaa hadi yakauke, rudia mara nne. Juu yake nta ya nyuki. Baada ya hapo ulilaze bakuli wiki tatu kabla ya kulitia chakula, na mwambie mnunuzi asililoweke kwenye beseni usiku kucha.

Matambara uliyofutia mafuta ya kitani usiyakunje ukayatupa pembeni ya karakana. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na tambara lililokunjwa hulihifadhi hadi liwake lenyewe, saa nyingi baada ya wewe kufunga mlango, ndani ya nyumba ya mbao iliyopakana na nyingine ya mbao. Yatoe nje, yatandaze moja moja juu ya jiwe la lava, yaache yakauke hadi yawe makavu kama ngozi.